Mpaka Mvua Iuulize Mti

Winfrida hakuwahi kuiona bahari. Alizaliwa Mgeta, upande wa pili wa milima ya Uluguru, akaolewa Kinole, na safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa ya kwenda Turiani kumwona binti yake Neema alipojifungua. Hata hivyo, kila jioni taarifa ya habari ilipokwisha, alikaa karibu na redio akasikiliza hali ya bahari kama mtu anayesikiliza habari za mgonjwa wa nyumbani. Upepo wa mwambao utavuma kutoka wapi? Mawimbi yatakuwa makubwa au madogo?

Tabia hiyo aliipata kwa mumewe, Leonard, aliyefariki masika yaliyopita. Leonard alikuwa akisema, "Mvua yetu inazaliwa kule. Upepo ukitoka mashariki na bahari ikachafuka, mawingu yatapanda huku kwetu. Bahari ikilala, na sisi tunakauka." Watu walimcheka mwanzoni. Baadaye waliacha kumcheka, wakaanza kupita nyumbani kwake jioni na kuuliza wakiwa bado njiani, "Leonard, bahari imeamkaje?"

Leonard aliacha redio hiyo, kaburi lililopandwa maua karibu na njia, na shamba la michungwa. Michungwa ile aliipanda yeye na mkewe, katika miaka ambayo hakuna aliyeona maana yake, kwa kuwa machungwa yalioza chini na barabara ilikuwa ya miguu tu. Zikaja enzi za ruksa, biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu. Malori ya wafanyabiashara yakaanza kupanda mpaka Kinole kufuata matunda na viungo, na shamba lililokuwa la kuchekwa likawa shamba la kutazamwa.

Kwetu ardhi ni ya ukoo, na ukoo ni wa upande wa mama. Mtu hulima ardhi ya ukoo wa mama yake, na akifa ardhi hurudi kwa ndugu zake wa ukoo huo. Lakini mti ni wa aliyeupanda. Mjane asiye wa ukoo hukaa kwa amani maadamu miti yake imesimama. Miti ikiisha, kitu kinachomshikilia pale kimeisha. Ardhi ile mrithi wake alikuwa Pazi, mtoto wa dada yake Leonard, kijana mwenye mke na watoto wadogo na shamba finyu lililokuwa chini ya michungwa, kwenye mteremko uleule. Winfrida alijua, na Pazi alijua, kwamba kati ya Pazi na ardhi ya mjomba wake hapakuwa na kitu isipokuwa michungwa.

Hawakuwahi kugombana kwa hilo. Leonard alipokuwa hai, Pazi alimtania mke wa mjomba wake kama desturi inavyoruhusu. Alikuwa akiingia uani na kupaza sauti, "Mke wangu, umenipikia nini? Huyu mzee namwachia kwa muda tu!" Winfrida alimrushia ganda la muhogo, na Leonard alicheka mpaka akakohoa. Baada ya mazishi utani ule ulikoma. Pazi alianza kumwita mama, akatoa shikamoo kila asubuhi, na heshima hiyo ilimwumiza Winfrida kuliko matusi.

Mwisho wa kiangazi Pazi alifyeka shamba lake akaliacha likauke. Alhamisi moja jioni alikuja mpaka mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Pazi. Karibu."

"Nimesimama tu. Nataka kuchoma lile shamba kesho, vuli isije ikanikuta na vichaka. Nimelima njia ya kuzuia moto huku juu, upande wako. Nikasema nisichome bila kukwambia." Akatazama redio. "Na upepo je? Wamesemaje?"

Winfrida alikuwa ametoka kusikiliza. "Bahari imelala," akasema. "Upepo dhaifu, mawimbi madogo, na itakuwa hivyo kesho na keshokutwa. Wamesema ni shwari mwambao mzima."

"Basi hakuna upepo."

"Hakuna."

"Nilitaka nichome alfajiri, umande ukiwepo. Lakini kama ni shwari kutwa nzima, nitakwenda kwanza kuswali Ijumaa, nirudi nichome na vijana wakiwepo wa kunisaidia."

"Fanya hivyo," alisema Winfrida, akafurahi moyoni kwamba redio ya Leonard ilikuwa bado na kazi.

Siku ya pili jua lilikuwa kali kama limesimama mahali pamoja. Pazi na wenzake waliwasha moto baada ya swala, na kwa muda moshi ulipanda wima, mwembamba, hata Winfrida akaona hakuna haja ya kuulinda. Alikuwa akichambua maharage. Kisha alisikia majani ya migomba yakipigana. Alinyanyua kichwa, na upepo ukampiga usoni, upepo wa joto, ukitoka bondeni.

Ni upepo ambao kila mtu wa Kinole anaujua. Siku ambazo pwani hakuna upepo, jua huchemsha mabonde, na alasiri hewa ile ya moto hupanda makorongo kama moshi unavyopanda kwenye bomba. Wazee huchoma mashamba yao alfajiri kwa sababu yake. Pazi aliujua, na Winfrida aliujua. Lakini siku ile wote wawili walikuwa wameisikiliza bahari, wakasahau mlima uliokuwa chini ya miguu yao. Redio haikusema uongo. Leonard alikuwa akiisikiliza kwa ajili ya mvua. Hakuwahi kuisikiliza kwa ajili ya moto.

Moto uliruka njia ile kama mtoto anavyoruka mfereji. Pazi alikimbia mbele yake akiupiga kwa matawi mabichi, akipiga kelele, "Mama Neema! Mama Neema, toka!" Vijana walileta maji ya kisimani, majirani walikuja na majembe. Nyumba ilipona, na kaburi lilipona. Michungwa haikupona. Nyasi zilizokauka chini yake ziliungua haraka, safu kwa safu, na majani yake yalilia kama mafuta kwenye kikaango. Jua lilipozama Pazi alikuwa ameketi chini kwenye majivu, mikono yake imebabuka, akiitazama. Winfrida alimpaka mafuta ya nazi mikononi. 

Ukoo ulikutana nyumbani kwa Bibi Mwanvita, mama mdogo wa Leonard, ambaye ndiye aliyekuwa mkubwa wa ukoo ule. Alikuwa mwanamke mfupi, mkali, mpenda ugoro, asiyependa maneno marefu. Mjomba mmoja alianza kusema kwamba kwa kuwa miti haipo, ni vizuri mkwe wao asaidiwe kufunga mizigo kwa heshima.

"Nani amekwambia miti haipo?" aliuliza Bibi Mwanvita.

"Si imeungua, dada? Tumeiona wote."

"Umeona majivu. Moto ulikuwa wa nani? Wa ukoo. Mti uliochomwa na moto wa ukoo hausemwi umekufa mpaka mvua iuulize. Hivyo ndivyo nilivyomsikia mama yangu akisema, na mama yangu hakuwa mlevi kama wa kwako."

"Mama yetu ni mmoja, dada."

"Basi ndiyo maana nakwambia."

Watu wakacheka kidogo, hata Winfrida. Kisha Bibi Mwanvita akamgeukia. "Mkwe, utakaa. Mvua ikinyesha, mwezi ukaandama na kuisha, tutakuja kutazama. Ikichipua, ni yako na unakaa. Isipochipua, utakwenda kwenu, na sisi tutakusindikiza. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

Pazi alikuwa amekaa karibu na mlango na mikono yake iliyofungwa vitambaa. 

Kwenda kwao maana yake ilikuwa Mgeta, kwa kaka zake, ambao watoto wao walikuwa tayari wanagombania matuta ya kabichi. Au Turiani, kwenye chumba kimoja cha Neema na mume wake. Wangempokea. Hakuwa na shaka kwamba wangempokea. Alichokuwa akikifikiria ni kaburi lile karibu na njia, nani angeling'olea magugu, na asubuhi zake zote zilizobaki, angeziamkia wapi.

Kwa hiyo alisubiri mvua, na bahari haikuamka.

Kila jioni ilikuwa ileile. Upepo dhaifu. Mawimbi madogo. Bahari shwari. Aliwazia watu wa pwani wakifurahi kwa maneno hayo, watoto wakioga, maji yakiwa yamelala kama maji ya karai. Yeye yalimwingia kama hukumu. Mlima ulibaki bila wingu, umekauka, na asubuhi alipopita kati ya michungwa aliona mashina meusi tu na magamba yanayobanduka. Alimwaga maji ya kuoshea vyombo kwenye mizizi ya miti iliyo karibu, ingawa alijua ni sawa na kumpa mgonjwa mate.

Kisimani mwanamke jirani, Hidaya, alimtania. "Mama Neema, hiyo bahari yako imefia wapi? Mwambie mtangazaji aitikise kidogo."

"Nimemwambia. Anasema tumwombe Mungu."

"Sisi tumeswali uwanjani juzi, jua likatuchoma visogo. Na nyie huko kigangoni mmefanyaje?"

"Tumefanya novena, siku tisa mfululizo za sala."

"Basi Mungu anajiuliza amsikilize nani kwanza," alisema Hidaya, akamtwisha ndoo kichwani kwa upole.

Winfrida aliomba. Alisali rozari asubuhi akiwa amekaa karibu na kaburi, na jioni akiwa peke yake baada ya redio. Mwanzoni aliombea mvua kwa ajili ya watu wote, kama katekista alivyowafundisha. Kadiri siku zilivyokwenda sala yake ilizidi kuwa fupi na nyembamba, mpaka akajikuta anaomba jambo moja tu: jani. "Bwana, jani moja la kijani. Sikuombi lingine." Siku nyingine aliona aibu kwa sala ile, kwa sababu watoto wa kijiji kizima walikuwa wakila muhogo mkavu. Alitubu, na kesho yake akaisali tena.

Ilikuwa katikati ya Majilio, zile wiki za kungojea Krismasi, mtangazaji aliposoma maneno mengine. Upepo kutoka mashariki, wenye nguvu. Mawimbi makubwa. Wenye vyombo vidogo wachukue tahadhari. Winfrida alisimama. Alitoka nje akatazama upande wa mashariki, ambako hakukuwa na kitu ila nyota, akafanya ishara ya msalaba. Akawaombea watu wale wenye vyombo vidogo, asiowajua, ambao hofu yao ilikuwa furaha yake.

Siku ya pili yake mawingu yalifika yakiwa mazito, yakakaa juu ya mlima kama watu waliochoka na safari. Mvua ilinyesha mchana kutwa. Maji meusi ya majivu yaliteremka mashambani. Watu walitoka na majembe wakiwa wanaimba, Waislamu kwa Wakristo, na Hidaya alipita njiani amelowa chapachapa akipiga vigelegele. Winfrida alipanda mahindi yake kwenye majivu kati ya mashina. Hakutazama mashina. Aliogopa kuyasumbua.

Baada ya Krismasi, asubuhi moja, aliona nukta nyekundu chini ya shina moja. Akapiga magoti kwenye tope. Lilikuwa chipukizi. Alikwenda shina la pili, na la tatu. Karibu yote yalikuwa yamechipua, machipukizi mengi, yenye nguvu, yanatoka chini kabisa karibu na udongo. Alilia kwa sauti. Alisema "Atukuzwe Baba" mara nyingi, bila kuhesabu.

Alirudi kila siku kuyatazama. Na kila siku kitu kimoja kilimkaa moyoni kama mchanga katika jicho, mpaka siku alipochuma jani moja, akalifikicha, akanusa.

Lilikuwa la mlimau.

Alijua tangu siku ile ya kwanza, ila hakutaka kujua. Leonard hakupanda michungwa kutoka kwenye mbegu. Alipanda milimau, kwa sababu mizizi yake ni migumu kwenye mteremko, na ilipokuwa na unene wa kidole aliibebesha. Alipasua ganda la shina kwa kisu, juu kidogo ya udongo, akapachika jicho la mchungwa, kile kinundu kinachochipua tawi. Kazi ya Winfrida ilikuwa kufunga, kwa kamba za mgomba, taratibu, jicho lisizibwe. Kisha kichwa cha mlimau kilikatwa, na mchungwa ukakua juu ya mizizi ya mwenzake. Moto ulikuwa umeua kila kitu juu ya mshono ule. Kilichochipua kilikuwa chini yake. Miiba yake ilikuwa tayari inaonekana, mirefu.

Malori hayakupanda Kinole kufuata malimau. Kila uwanja una mlimau wake.

Hakuna mwingine aliyejua. Wakati Leonard akibebesha miti ile, watu walipita njiani wakicheka. Wazee wa ukoo wangekuja, wangeona kijani, wangerudi nyumbani. Mti ungechukua miaka kuzaa, na huko mbele nani angekumbuka kilichosemwa? Winfrida alilijua hilo vizuri, akakaa nalo jua lilipochomoza na lilipozama. Aliposhika rozari hakuweza kuvuka ile Baba Yetu ya kwanza. Mwishowe aliiweka chini akasema kwa maneno yake mwenyewe, "Nilikuomba jani, ukanipa jani. Sikukuomba machungwa. Sasa nisaidie nisikuibie."

Walikuja asubuhi, njia bado ina utelezi. Bibi Mwanvita alikuja akishikwa mkono na Pazi, na yule mjomba, na wengine wawili wa ukoo. Walipita safu kwa safu. Mjomba aliinama, akagusa machipukizi, akainuka na uso wa mtu aliyeshindwa karata.

"Haya," alisema. "Yamechipua. Siwezi kukana macho yangu."

"Mvua imeuliza, miti imejibu," alisema Bibi Mwanvita. "Tumemaliza. Mkwe, chai ipo?"

Pazi alishusha pumzi kwa nguvu, kama mtu aliyetuliwa gunia. Kwa mara ya kwanza tangu siku ya moto alimtazama Winfrida machoni, akatabasamu.

"Ipo, mama," alisema Winfrida. "Lakini ngojeni kwanza. Hii si michungwa."

Akawaeleza. Akawaonyesha mshono kwenye shina lililoungua, akawapa jani kila mmoja walifikiche. Wakanusa, wamesimama kwenye tope. Hakuna aliyecheka.

"Nani alikuuliza?" Pazi alisema ghafla. Sauti yake ilikuwa ya hasira. "Eh? Nani alikuuliza, mama? Si wamesema yamekwisha? Ungenyamaza!"

"Nisingeweza kukaa hapa."

"Ungekaa! Mimi ningekaa. Unajua nimelala vipi tangu ile Ijumaa? Mke wangu ananiambia, miti ikifa shamba ni letu, na mimi kila jioni nasimama nyuma ya ukuta wako nasikiliza hiyo redio, naiombea bahari ichafuke. Mimi, mwenye faida! Leo nimepona, halafu wewe unanirudisha kulekule."

Mjomba alikohoa. "Kwa haki kabisa, mti wake ulikuwa mchungwa. Mchungwa haupo."

Bibi Mwanvita alikuwa bado na jani puani. Akalitupa. "Mimi nimezeeka, mambo ya kubebesha sikuyakuta. Ardhi ni ya Pazi ikirudi, na moto ulikuwa wa Pazi. Aseme yeye."

Pazi alisogea kwenye shina la karibu. Mikono yake ilikuwa imepona, lakini ngozi ya vidole ilibaki nyeupe, ya kuvutika. Alichuchumaa, akaliondoa tope kwa vidole hivyo mpaka mzizi ukaonekana.

"Huu nao aliupanda nani?" aliuliza.

"Mjomba wako na mimi."

"Mlimau?"

"Mlimau."

"Basi mimi sioni kesi. Mti ni wa aliyeupanda. Desturi haikusema uzae nini." Akasimama, akajifuta kwenye suruali. "Na wewe mjomba ukitaka chungwa, subiri."

"Nitasubiri mpaka lini? Mimi mtu mzima!"

"Basi kula limau."

Bibi Mwanvita alicheka mpaka ugoro ukamwingia vibaya, akalazimika kukalishwa kwenye jiwe. Walikunywa chai, wakaondoka. Pazi alibaki nyuma kidogo, akichezea kikombe kitupu.

"Nyuma ya nyumba yangu," alisema bila kumtazama, "upo ule mchungwa alionipa mjomba nilipooa. Asili yake ni hii yako. Njoo ukate macho, kadiri unavyotaka. Mimi kubebesha sijui. Nitafunga."

"Na mimi kukata sijawahi. Alikuwa anakata yeye. Mimi nilikuwa nafunga."

 Kisu cha Leonard kilikuwa kimechomekwa kwenye makuti ya paa, pale alipokiacha. Winfrida alinyoosha mkono akakitoa. Kilikuwa na kutu kidogo kwenye makali. Ilikuwa miaka mingi kati ya kisu kile na chungwa la kwanza, na hakuwa na hakika kwamba angeliona. Alikitafutia jiwe la kunolea.

Machipukizi yalihitaji muda kunenepa, na masika yalikuwa mbele. Jioni ile alikaa kwenye redio kama kawaida. Taarifa ya habari ilikwisha. Kabla mtangazaji hajafika kwenye bahari, sauti ilipaa kutoka njiani, ng'ambo ya kaburi, ikiwa na woga kidogo, kama mtu anayejaribu daraja alilolijenga upya.

"Mke wangu! Bahari imeamkaje?"

Winfrida alitafuta ganda la muhogo, akalikosa. "Nyamaza kwanza," alisema, "nimsikie."